Mkate wa Kalamu

"Hivi ninyi mmeacha kuoka, siku hizi mnatengeneza kalamu?"

Ndivyo Sekela, jirani wa upande wa juu, alivyomuuliza Silvana siku moja kupitia ua wa mabua. Sekela alikuwa mke wa karani wa bomani, mtu wa Tukuyu, na mdomo wake haukujua breki. Kwa hiyo Silvana alicheka kidogo akaendelea kuanika maharage. Lakini Sekela hakuwa anatania. Alisema ametoka stendi, ameona kreti za mkate wao zimepangwa zikisubiri lori la Kasanga, na nyingine ubavuni zimeandikwa KALAMU, herufi kubwa, rangi ya bluu. Yeye alidhani ni mzigo wa shule.

Silvana akaacha maharage. Akajifunga kitenge chake upya, akashuka stendi kwa miguu, na upepo wa Sumbawanga ukimsukuma mgongoni kama unaotaka naye akaone. Akaziona. Kreti nyingine zilikuwa KARAMU kwa rangi nyekundu, jinsi zilivyoandikwa mwanzo. Nyingine KALAMU, za bluu. Moja ilikuwa KALAM tu, kwa sababu ubao uliisha kabla ya jina.

Jina lile alilileta yeye. Tanuri walilirithi kwa Sista mmoja aliyerudi kwao Ulaya akawaachia matofali, mabati ya kuokea na ujuzi wa hamira. Akina mama wa parokia, wengi wao wajane kama Silvana, wakajiunga wakawa kikundi cha ushirika. Siku ya kutafuta jina, wengine walitaka Umoja, wengine Jitegemee, na majina hayo wakati ule yalikuwa kwenye kila mlango wa duka. Silvana akasimama akawakumbusha ile Injili ya mfalme aliyeandaa karamu, walioalikwa wakakataa kuja, naye akatuma watumishi njia panda wakamkusanye kila wanayemkuta. Mkate wetu uwe wa karamu ile, alisema, hata mpita njia ajue amealikwa. Wakapiga makofi.

Tabu ni kwamba Mfipa aliyekulia kwao hana R. Si kwamba anaikataa, hanayo. Akisema Kiswahili, R humgeukia L mdomoni kabla haijafika kwenye meno. Silvana naye hakuwa nayo. Shuleni masista walimpiga viganja kwa kuandika Loho Mtakatifu, hata akakariri maneno yenye R kama mtu anavyokariri litania, kwa macho na si kwa sikio. Akiliona neno alijua. Akilisikia hakujua. Na akilisema yeye mwenyewe, karamu ya mfalme na kalamu ya karani zilitoka mdomoni mwake pacha, zimevaa nguo moja. Hata siku ile wanapiga makofi, nani ajuaye kila mmoja alikuwa anapigia makofi neno gani.

Basi tangu aone zile kreti, Silvana akaanza kuangalia, na kila alipoangalia aliumia. Kibanda cha sokoni kilikuwa na ubao wenye KARAMU. Aproni za akina mama kila mmoja alikuwa amejitarizia mwenyewe: huyu KALAMU kwa uzi wa kijani, yule KARAMU kwa uzi mweusi, mwingine ameweka ua tu akasema linatosha. Alipowagusia, walimwambia kwa upole kwamba mkate ni uleule. Mwenyekiti wao, Adela, mwanamke wa sauti pana aliyependwa na kila mtu, alilimaliza jambo kwa kicheko.

"Dada Silvana, mtu hali herufi. Anakula mkate."

Huenda lingeishia hapo kama isingekuwa mvua. Mwezi wa tatu lori la Kasanga lilizama kwenye tope huko mbele ya Matai, likakaa mpaka njia ikakauka. Lilipofika ziwani mkate ulikuwa umeota ukungu, na wauzaji wa gatini, badala ya kuutupa, wakakwangua ukungu wakauuza. Kwa bahati mbaya kreti za safari ile zilikuwa za bluu, za KALAMU zote. Watu wa Kasanga wakala, wakaumwa matumbo, wakaangalia ubavu wa kreti wakajua mbaya wao ni nani. Tangu siku ile, mabaharia wa mashua za Zambia na Kongo walikuwa wakifika gatini wanageuza kreti kwanza. Nyekundu, wananunua. Bluu, wanasonya. Ikazuka habari kwamba kuna watu Sumbawanga wanaoiga mkate wa Karamu, waongo, wanabadilisha herufi moja wasikamatwe.

Habari hiyo aliileta dereva wa lori, pamoja na maneno ya Bwana Mrisho, msimamizi wa duka la ushirika la Kasanga. Mrisho alikuwa mtu wa Ujiji, Kiswahili chake kinateleza kama maji juu ya jiwe, na akina mama walimwita Bwana Mlisho bila kujua wanamfanya chakula cha ng'ombe. Alisema hivi: yeye hawezi kila asubuhi kusimama gatini akiapa kwamba waongo na wakweli ni watu walewale. Atapanda Sumbawanga Jumamosi ya wiki ijayo. Akikuta jina moja kila mahali, ataendelea kuchukua mkate. Akikuta mawili, asilaumiwe.

Hilo kila mmoja alilielewa. Kasanga ndiyo iliyofanya tanuri liwake wiki nzima. Mji wenyewe ulikula mkate Jumapili na siku za mgonjwa. Kasanga ikiondoka, mgawo wao wa unga wa ngano ungepelekwa kwa wengine, maana ghala la wilaya halikumgawia unga mtu asiyekuwa na pa kuupeleka, na wajane wale wangerudi kukaa barabarani na vikapu vya maharage.

Wakakutana. Safari hii hakuna aliyecheka. Wakakubaliana jina moja, rangi moja, kreti zote na ubao wa kibanda, na aproni zifumuliwe zitariziwe upya. Rangi ilikuwa adimu mwaka ule kama sukari. Kwa kubembeleza huku na huku wakapata kopo moja la nyekundu, na fundi Leonsi, aliyeandika misalaba ya makaburi na milango ya malori, akakubali kazi kwa malipo ya mkate.

Silvana hakutaka kumwachia mtu mwingine maelezo. Akaenda mwenyewe.

"Fundi, zote ziandikwe kalamu," alimwambia. "Siyo kalamu."

Leonsi akamwangalia.

"Ndiyo, mama. Kalamu."

"Siyo hiyo. Ile nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Kalamu ya kula, fundi. Siyo kalamu ya kuandikia."

"Mama, mimi naandika kwa brashi," alisema Leonsi, na akaonyesha brashi kabisa, asije akalaumiwa.

Silvana akaona mdomo hautamfikisha. Akaenda akaburuta kreti moja ya zamani, nyekundu, yenye KARAMU, akaiweka mbele ya fundi, akaweka kidole juu ya ile R. Hii, akamwambia, yenye kichwa na mguu. Fuata hii mpaka mwisho, usimuulize mtu. Leonsi akasema sasa ameelewa, na kwa kweli alikuwa ameelewa. Angemwambia hivyo tangu mwanzo, akaongeza.

Kesho yake zikaja habari za msiba Muze. Shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa amefariki. Mjane hakosi msiba wa upande wa mume, hasa mjane anayelima shamba lao bado. Silvana akapanda lori akateremka bondeni, na kule akalia na wenzake, akapika, akaongoza rozari. Lakini katikati ya mafumbo ya uchungu akili yake ilikuwa ikimtoroka na kurudi kwenye ile R. Akaomba msamaha, akaendelea.

Jumamosi lori la kumrudisha lilipanda mlima wa kutoka bondeni kwa gia ya kwanza. Alipofika tanurini jua lilikuwa limekwisha kupanda, na Bwana Mrisho alikuwa amewahi, ameketi kwenye benchi na glasi ya chai mkononi, kofia yake imewekwa gotini. Akina mama walikuwa wamesimama kwa mstari, wamevaa aproni zilizofuliwa. Na nyuma yao kreti, zimepangwa ukutani, zote nyekundu, herufi zote kimo kimoja, hakuna iliyochuchumaa wala iliyoinama. Kwa mbali moyo wa Silvana ulitulia. Hata akafanya ishara ya msalaba.

Akasogea, akasoma.

KALAMU. KALAMU. KALAMU, mpaka mwisho wa ukuta. Na chini ya kila jina palichorwa kalamu yenyewe, ya wino, yenye ncha iliyochongoka na tone moja linadondoka. Akatazama aproni. Kalamu. Ubao wa kibanda ulikuwa umeletwa pia, umeegemezwa mlangoni unakauka. Ulikuwa umefutwa, ukaandikwa upya ufanane na wenzake.

Alimuuliza Leonsi kwa sauti ya chini haya yamekuwaje. Leonsi hakuwa na wasiwasi. Alisema kreti ya mfano ilichukuliwa. Adela akadakia kwamba ndiyo, aliichukua yeye, mkate ulikuwa umetoka motoni na kreti nyingine zote zilikuwa bado zimelowa, majina ya zamani yamesuguliwa, sasa mkate uwekwe wapi. Basi fundi alipokosa mfano alimuuliza mwenyekiti jina ni lipi, na mwenyekiti akamwambia vizuri kabisa: kalamu. Na ile picha ni wazo lake Leonsi mwenyewe. Aliwafikiria wasiojua kusoma. Ameichora bure.

Silvana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatafuta wa kumkasirikia asimpate. Kila mmoja alikuwa amefanya vema pale alipokuwa amesimama.

Bwana Mrisho akamsalimu, akampa pole ya msiba. Kisha akasema polepole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kazi ni safi na yeye hajapata kuona kreti zilizofanana namna hii. Ila huko Kasanga Kalamu ndiyo ule mkate wa ukungu. Karamu ndiyo waliyoipenda. Sasa hawa akina mama wamewafuta wakweli, wakawaacha waongo.

"Lakini ni mkate uleule, Bwana Mlisho," alisema Adela.

"Mimi najua, ndugu mwenyekiti. Mnunuzi wangu hajui. Yeye anajua ubavu wa kreti."

Silvana hakungoja. Akaokota mkaa mdomoni mwa tanuri, akapiga magoti mbele ya kreti ya kwanza, akaifungia ile L kichwa, akaivutia mguu. Ikawa R, nyeusi juu ya nyekundu, mbaya lakini R. Leonsi akaguna kwamba kazi yake inachafuliwa.

"Na hiyo kalamu ya chini?" aliuliza Mrisho. "Utaigeuza kijiko?"

Akina mama wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ilikuwa imechekesha kweli. Silvana akainuka na vumbi la mkaa magotini, akasema basi kreti zipigwe randa, zote, leo, na aproni zifumuliwe tena, na rangi itafutwe hata kama ni kwa kuuza kuku wa kila nyumba. Adela akajibu kwamba kreti ni mali ya kikundi, haziwezi kupigwa randa kwa amri ya mtu mmoja. Uitishwe mkutano, kila mmoja aseme lake. Na yeye kwa maoni yake, ile picha inapendeza, watoto wa mjini wameipenda, na watu wa Kasanga watazoea. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kopo la rangi lilikuwa limekauka pale chini, na kila mmoja alikuwa ameliona.

Mrisho akaweka glasi chini.

"Nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Hili jina mwenyewe ni nani? Nani hapa akisema ni hivi, linakuwa hivi?"

"Jina ni la wote, ndugu," alisema Adela, na alilisema kwa fahari, maana ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyoishi. "Hapa hakuna mwenye jina."

Mrisho alimgeukia Silvana, akangoja. Silvana alijua anaulizwa yeye, na alijua jibu. Alikuwa nalo machoni, kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba ya Injili, herufi kwa herufi. Akafungua mdomo.

"Jina letu ni kalamu," alisema.

"Si ndiyo hiyo," wakasema akina mama kwa pamoja, wamefurahi kwamba mwishowe amekubali.

Silvana akatikisa kichwa, akainua mkono wenye mkaa aonyeshe ile kreti. Lakini Bwana Mrisho alikuwa amekwisha simama. Alivaa kofia yake, akapita katikati ya kreti zile kwa uangalifu asijipake rangi, akatoka nje.