Juu Kidogo, Baba Laurencia

Sylvesta wa kijiji cha Qurus alikuwa na leseni ya bunduki tangu binti yake akiwa darasa la pili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga kitu. Aliyelijua jambo hilo alikuwa mmoja tu, mkewe Dorkasi. Na Dorkasi sasa alilala nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kibanda cha kuku, chini ya simenti ambayo haijapata hata mwaka.

Wiki za kwanza baada ya msiba watu walikuja. Walileta unga, walileta kuni, wakakaa ukumbini na kuimba. Kisha mvua ikanyesha, kila mtu akawa na shamba lake la kupanda, nyumba ikabaki na sauti ya bati likikauka. Sylvesta akazoea kupika kikombe kimoja cha mchele. Akazoea pia kuzima redio, kwa sababu ilipokuwa inasema alijikuta anageuka kumwambia mtu habari aliyoisikia.

Binti yake Laurencia alikuwa muuguzi Dodoma. Jioni moja alipiga simu, na safari hii hakuanza na habari za mvua.

"Baba, funga nyumba uje huku kwangu. Bunduki irudishe polisi."

"Na shamba?"

"Baba mdogo atalima."

"Na mama yako nimwachie nani?"

"Mama hana haja ya kulindwa tena, baba. Wewe ndiye. Mtu mpweke na bunduki kwenye nyumba moja, mimi huku sipati usingizi."

Alielewa mtoto alikuwa anaogopa nini. Alitaka kukasirika, akakosa hasira.

"Watu wanakuja hapa," alisema.

"Nani?"

Akatafuta jina, asilipate upesi.

"Unaona?" Laurencia alisema. "Nionyeshe una watu, nami nitanyamaza. La sivyo nikija likizo, narudi na wewe."

Ndivyo ilivyokuwa hata akauliza habari za klabu. Alikuwa amekwenda mjini Karatu kununua bolti ya plau katika duka la vipuri la Marijani, akaona ukutani picha ya watu wenye bunduki wamesimama mbele ya kilima chekundu, wanacheka. Akauliza ni askari wa wapi.

"Askari?" Marijani akacheka. "Huyu mwenye ushungi ni Hamisa, anauza vitenge mtaa wa pili. Sisi ni klabu ya shabaha, mzee wangu. Tunakutana Jumamosi kule machimbo ya zamani ya udongo wa moramu. Unayo leseni?"

"Ninayo."

"Basi wewe umekwisha kufika. Wasio na leseni ndio wenye safari ndefu. Lete bunduki yako, lete leseni tuione, upite majaribio ya Jumamosi tatu. Tukiona uko salama na unapiga, tunakunywa chai yako ya ugeni na mambo yamekwisha."

Jumamosi ya kwanza Sylvesta alivaa koti la kanisani. Bunduki yake ya marisau aliifungua mtutu kabla hajashuka kwenye pikipiki, akaibeba hivyo, imekunjika mkononi kama mwavuli uliovunjika, na Marijani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliulizwa maswali ya usalama akayajibu yote. Mkono wake haukugusa risasi mpaka alipoambiwa. Hhando, dereva mstaafu wa watalii ambaye alijulikana Karatu nzima kwa mdomo wake, akasema, "Huyu ametulia kuliko sisi. Leo tutaaibika."

Chini ya ukingo wa machimbo zilipangwa sahani tano za chuma juu ya vigingi. Ukigonga, sahani inaanguka kwa nyuma na mlio kama wa kengele ya mbuzi. Kupokelewa maana yake ilikuwa kuangusha zaidi ya nusu.

Sylvesta aliinua bunduki, akalenga, akavuta. Sahani zote zikabaki zimesimama. Akapiga tena. Juu kabisa ya ukingo, majani makavu yakatikisika.

"Mzee!" Hhando akapaza sauti. "Hiyo imekwenda Endulen! Wamasai watakuja kutuuliza ng'ombe wao wamekosa nini!"

Watu wakacheka. Sylvesta naye akacheka, kwa adabu. Alipiga zote alizopewa na hakuna sahani iliyoanguka. Marijani akamwomba bunduki, akaipiga yeye mwenyewe, na sahani mbili zikalia mara moja.

"Bunduki haina kosa," alisema, akimrudishia kwa upole. "Labda macho."

Macho hayakuwa na kosa. Jumamosi ya pili alisoma maandishi madogo kwenye gunia la simenti lililokuwa mbali kuliko sahani, na bado risasi zake zilipita juu. Hhando alimwambia kwamba kama anataka kuwinda mawingu angeomba leseni ya ndege. Lakini Hamisa hakucheka safari hiyo. Alikuwa amesimama pembeni, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, anautazama mkono wa kushoto wa Sylvesta.

Walipokuwa wanapumzika akamsogelea na chupa ya chai.

"Baba, nisamehe nikuulize. Kule nyumbani huwa unalenga nini?"

"Silengi. Natishia."

"Unatishia nini?"

"Nguruwe pori. Nyani. Mwaka mwingine tembo wanashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, wanataka mahindi. Askari wa wanyamapori walituambia tangu mwanzo, ukiua una kesi, piga juu wakimbie."

Hamisa akafunika mdomo kwa kiganja. "Yaani miaka yote unapiga juu?"

"Miaka yote."

"Mimi nilivunjiwa duka ndipo nikaomba leseni. Nilijifunza kulenga kifua, Mungu anisamehe. Wewe umejifunza kukosa!" Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Lakini baba, unalenga vizuri. Nimekuona. Mtutu unakaa kwenye sahani kabisa. Halafu kabla tu hujavuta, mkono unainuka. Kama vile umeambiwa."

Sylvesta akatazama kikombe chake. "Chai ina tangawizi," alisema.

Hamisa akamwacha na chai yake.

Alikuwa ameambiwa, kweli. Kazi ya shambani walikuwa wakiifanya wawili, yeye na bunduki, Dorkasi nyuma yake upande wa kulia na tochi na debe la kugonga. Nguruwe walipotokea kwenye mwanga, macho yao yakimetameta kati ya mabua, Dorkasi alimgusa bega. "Juu kidogo, baba Laurencia. Nao wana watoto." Kila mara maneno yaleyale. Mara moja, mwaka wa njaa, mahindi yakiwa yameliwa nusu ya shamba, Sylvesta alishusha mtutu kwa hasira. Dorkasi akazima tochi. Wakasimama gizani wote, yeye na mkewe na nguruwe, mpaka hasira ikamtoka, na walipofika mlangoni wakaanza kucheka wasiweze kufungua komeo.

Hakuwa na picha nzuri ya mkewe. Ile ya kitambulisho ilimwonyesha mwanamke mkali asiyemjua. Sauti yake katika simu haikuhifadhiwa. Lakini kila aliposhika bunduki na kukaza bega, aliisikia, wazi kabisa, juu kidogo, na mkono ukatii. Hakumwambia mtu. Ungemwambiaje mtu kwamba umekuja kwenye klabu kutafuta watu, ukakuta huko ndiko mkeo anakosema nawe?

Jumamosi ya tatu Marijani, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, alimvuta kando kabla hawajaanza.

"Mzee wangu, nikuambie kama mwanao. Kukosa si dhambi, hata Hhando anakosa. Ila wewe unarusha juu ya ukingo. Nyuma ya ule ukingo kuna njia, watu wanapeleka mifugo majini. Tunaweka mlinzi na bendera, lakini bendera haizuii risasi. Leo ikipita hata moja, sitaweza kukupokea. Na kukuruhusu uendelee kuja nako sitaweza."

"Nimekusikia, mwenyekiti."

"Sikufukuzi."

"Najua, mwanangu."

Alisimama kwenye mstari. Kila mtu alivaa viziba masikio, naye akavaa vyake, vile vikubwa vya kuazima, na ulimwengu ukazimika. Kimya kile hakukipenda. Pale pale, Marijani akiwa anatazama bendera, Sylvesta akakisogeza kile cha kulia nyuma kidogo, sikio likabaki wazi, upande ambao Dorkasi alizoea kusimama.

Akaingiza risasi. Akakaza bega. Mtutu ukakaa juu ya sahani ya kwanza.

Juu kidogo, baba Laurencia.

Mkono ukaanza kuinuka. Sylvesta akauona unainuka kama mkono wa mtu mwingine. Akafikiria Dodoma, chumba cha wageni chenye pazia la maua, binti akitoka zamu na kumkuta baba yake amekaa kitandani na viatu. Akafikiria nyumba ya Qurus imefungwa kufuli, majani yanaota juu ya simenti. Akafikiria ile njia nyuma ya ukingo na mtu asiyemjua anayeipita na ng'ombe wake.

"Nao wana watoto, mama," alisema kwa sauti ndogo. Akashusha mkono, akavuta.

Mlio ulimpiga sikio la kulia kama kofi. Sahani ikaanguka.

Hakusimama kushangaa, maana alijua akisimama hataweza tena. Alifungua, akaingiza, akalenga, na kila mara aliuzuia mkono palepale ulipotaka kuinuka. Sahani ya pili. Ya tatu ilikataa. Ya nne ikaanguka, na ya tano ikazunguka kidogo kwenye kigingi chake kabla ya kulala chali. Kwenye risasi hiyo ya mwisho mkono haukuhitaji kuzuiwa. Ulitulia wenyewe, mzito, kama mkono wa mtu yeyote.

Akafungua mtutu, akatoa maganda, akaweka bunduki mezani kama inavyotakiwa. Kisha akageuka haraka, kulia, nyuma ya bega lake.

Kulikuwa na moramu nyekundu, na pikipiki za watu, na upepo unaosukuma mfuko wa nailoni.

Wakamjia. Hhando alimkumbatia na kumnyanyua kidogo kutoka ardhini. Marijani alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Hamisa alikuja wa mwisho, akamtazama usoni kwa muda, akasema, "Pole, baba," mahali ambapo wengine wote walisema hongera.

Chai ya ugeni ilikuwa na maandazi. Wakakaa kwenye mawe, na baada ya muda mfupi walikwisha kumsahau, kama watu wanavyomsahau mtu ambaye sasa ni wa kwao. Hhando alikuwa anasimulia habari za Mzungu aliyetaka kushuka kwenye gari ndani ya kreta ya Ngorongoro amshike faru, na Hamisa alikuwa anamkatiza, anamwambia mwaka jana Mzungu huyohuyo alikuwa Mjapani.

Sylvesta alisimama, akasogea hatua chache, akampigia binti yake, simu kwenye sikio la kushoto.

"Baba? Kuna nini?"

"Wamenipokea," alisema. "Klabu. Nimeangusha sahani nne."

"Sisikii vizuri, baba, nani wanaongea hapo?"

"Watu."

Akaishika simu mbele yake, mkono umenyooka kuelekea kwenye mawe, ili asikie. Aliona midomo ya Hhando ikifunguka, aliona Hamisa akipiga paja na Marijani akikohoa chai. Yeye hakusikia walichosema. Viziba masikio alikuwa amekwisha kuvivua, lakini sikio la kulia lilikuwa linalia mlio mmoja mrefu usio na neno ndani yake, na ulifunika kila kitu.

Akaendelea kushika simu hivyo hivyo, mkono ukaanza kuuma, mpaka alipokadiria kwamba mtoto ameridhika.