Yowe Kwenye Njia ya Reli

Yowe si wimbo, useme unaimba ukijisikia. Pelagia alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Kijijini kwao, ukishika njia ya kutoka Butiama kwenda Bunda, yowe lina kazi moja: wezi wa ng'ombe wameingia. Ukilipiga, kila mwanaume anayelisikia anaacha hata tonge mkononi, anabeba silaha na kukimbia, na kijiji cha pili wanalipokea na kulisukuma mbele. Njiani hakuna kuulizana. Atakayeonekana anakimbia peke yake ndiye mwizi, basi. Na atakayelipiga bure anatengwa na kijiji kizima.

Sheria kali, lakini ule mwaka wa themanini na sita nani angeilaumu? Mwanzoni mwa mwaka huo wezi waliingia na bunduki, wakaswaga ng'ombe arobaini na kuwaacha wanaume wawili wamelala kifudifudi zizini. Tangu hapo watu walikuwa wanakwenda hata chooni na mikuki. Kamanda wao wa sungusungu alikuwa Werema, kaka yake marehemu Felisian, mume wa Pelagia. Mtu wa maneno machache, na kwenye yowe hajawahi kuwa wa pili.

Ndipo wakaja wapima reli. Ilisemekana serikali inataka treni ifike mpaka bandarini Musoma, ibebe pamba na samaki. Watu walifurahi, kwa nini wasifurahi? Walikuwa wametoka kwenye miaka ya kufua kwa majani ya mpapai, na madukani Bunda sabuni ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Wapima waliajiri vibarua, na Masatu, mdogo wake Pelagia, akapata kazi ya kushika fito, ile ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ili mpimaji mkuu ailenge kwa darubini kutoka mbali. Siku ya mshahara wa kwanza alimletea dada yake mche mzima wa sabuni. Pelagia alilia. Yule kijana alimlea mwenyewe mgongoni, mama yao alipofariki Masatu hajaota hata jino.

Tatizo lilikuwa moja. Mstari wa reli ulikuwa unakuja moja kwa moja nyumbani kwa Pelagia, na palepale kando ya nyumba ndipo alipolala Felisian. Pelagia alimwambia mdogo wake wazi: nyumba wataivunja, nitajenga nyingine, lakini kaburi la mume wangu halikanyagwi na treni. Masatu akamtuliza. Alisema ameshaongea na Bwana Shomari, mpimaji mkuu, mtu wa Musoma mjini, naye amekubali.

"Reli inapindaga, dada," alimwambia. "Hata mto unapinda."

Uongo wa mapenzi huo. Ukweli ni kwamba Shomari alisema tu "tutaona", na Masatu, kwa kutotaka kumwona dada yake anakosa usingizi, akaligeuza neno hilo kuwa ahadi. Afadhali angemwambia ukweli, dada mtu akasirike siku hiyo hiyo na yaishe.

Basi Alhamisi moja, jua limeshapanda, Pelagia akarudi kutoka shamba la pamba akakuta uzio wake wa minyaa umefyekwa chini wote. Vibarua watatu asiowajua, mapanga mikononi, walikuwa wanapiga kigingi kwa nyundo. Kigingi chenyewe wamekisimamisha katikati ya kaburi. Msalaba wa saruji wameung'oa na kuuegemeza ukutani. Shomari alikuwa ameinama kwenye darubini yake, hana habari. Pelagia aliwaambia watoke. Mmoja akamjibu kwamba wao wametumwa tu, akapiga nyundo tena, na Pelagia akaisikia kifuani.

Alijua anachofanya, tusimsingizie ujinga. Aliweka jembe chini, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Lilipokelewa kabla hajavuta pumzi ya pili. Likajibiwa bondeni, likajibiwa ng'ambo ya mto, kijiji cha pili, cha tatu. Vibarua wakasimama wakitazamana. Werema alitokea wa kwanza, kifua wazi, mkuki mkononi, na nyuma yake wanaume kama thelathini.

"Shemeji, wezi wako wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema ukweli.  Lakini Pelagia aliwaza vibarua watapigwa vibao, watang'oa kigingi chao, wataondoka na hawatarudi. Akanyoosha mkono akawaonyesha wale waliosimama kwenye kaburi.

Rungu la kwanza lilimpata mwenye nyundo mdomoni. Wa pili alitupa panga lake akapiga magoti, akapigwa hivyo hivyo amepiga magoti, mpaka mkono wake ukalegea begani. Wa tatu alikatwa mgongoni akitambaa kuingia jikoni kwa Pelagia. Shomari aliikumbatia darubini kama mtoto, wakampasua kichwa naye hakuiachia. Damu ilitapakaa hadi kwenye mlango wa nyumba. Pelagia alianza kupiga kelele kwamba inatosha, jamani inatosha, lakini nani atasikia.

Kumbe Masatu alikuwa kilimani na fito yake. Alilisikia yowe, akaijua sauti iliyolipiga, akaelewa yote. Akakimbia kuja kuwaambia watu hawa si wezi. Alikimbia peke yake, na kofia ngumu ya kazini kichwani, na chuma kirefu chenye ncha mkononi. Wanaume wa ng'ambo ya mto, wasiomjua, walikutana naye kwenye vichuguu. Pelagia alimwona kutoka uani. Aliita jina lake mara tatu. Mshale ulimpata Masatu shingoni, akapiga hatua nne zaidi, na mapanga yakamkuta amesimama. Waliendelea kumkata hata alipokuwa hasogei tena.

Pelagia alipofika, alilala juu yake, na hapo ndipo wakaacha.

Werema alipoona ni nani, alikaa chini. Kisha akainuka, maana kamanda haruhusiwi kukaa. Aliwakusanya wanaume wote, wa pande zote mbili za mto, na kusema lililopo. Kama hawa walikuwa wezi, hakuna aliyeua mtu. Maiti ya huyu kijana itupwe porini kama za wezi wote, na polisi wakija wataambiwa hivyo. Kama hawakuwa wezi, basi yowe lilikuwa la bure, na aliyelipiga hana kijiji tena. Halafu akamgeukia Pelagia, na macho yake yalikuwa yanamwomba.

"Uliona wezi, shemeji. Sema tu ndiyo, tumalize."

Vijana walioshika mapanga walikuwa wanamtazama. Ndiyo moja ingewaosha wote, na yeye pamoja nao. Ingemwacha Masatu kwa fisi.

"Hawakuwa wezi," alisema. "Mdogo wangu nimemuua mimi."

 Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kumwangalia. Werema alibaki wa mwisho. Alimsaidia kumbeba Masatu mpaka uani, akamlaza kando ya kaburi la kaka yake, akaokota mkuki wake, akaondoka bila kuaga. Hilo ndilo jambo la mwisho mtu wa kijiji kile kumfanyia Pelagia.

Akachukua jembe akaanza kuchimba. Ardhi ilikuwa ngumu. Nyuma ya nyumba vibarua walikuwa wanagumia kwa maumivu, na Shomari, kichwa kimefungwa shati, alikuwa amewaingiza kwenye Landrova yao ya kazi. Lakini hakuwasha gari. Alitoa sepetu nyuma, akaja akasimama kwenye ukingo wa shimo.

"Mama," alisema taratibu, "mstari haukupindishwa. Unapita hapa hapa. Kaburi hili litakuja kufukuliwa."

"Najua," Pelagia alisema. "Chimba."