Hodi Kutokea Ndani

Usiku wa kuamkia leo niliota mtu anabisha hodi mlangoni kwetu, Muheza, ila anabisha kutokea ndani.

Mimi nimesimama nje, barazani, nimevaa shati la kazini na kikoi. Sioni ajabu yoyote. Kinachonisumbua ni kitu kimoja tu: mtu akibisha hodi kutokea ndani, jibu lake ni karibu au ni kwaheri? Naona karibu haina hasara.

"Karibu," nasema.

Mlango unafunguka, anatoka kiumbe wa kimo cha stuli, masikio makubwa, futi ya fundi nguo ikining'inia shingoni. Namwuliza yeye nani. Anasema yeye ni Jambo.

"Jambo la nani?"

"La dada yako Zamoyoni. Kila asubuhi mama yenu anamwuliza hujambo, naye anajibu sijambo. Akishasema hivyo, kwa sheria ya lugha mimi sipo. Inabidi nitoke chumbani nikakae kabatini. Lugha sikuitunga mimi."

Anasema hayo bila kinyongo. Namwonyesha mkeka, lakini anaomba kiti, kama kipo, maana kabatini hakuna pa kukaa na amesimama tangu masika.

Hapo inabidi nieleze hali ilivyo nyumbani, maana hata ndotoni nilikuwa naijua. Zamoyoni ni mshonaji, na tangu masika hajagusa cherehani. Usingizi hapati, chakula anakichezea tu sahanini, na siku moja alimwambia daktari kwamba usingizi anaoutaka ni ule usio na kuamka. Daktari akasema ni sonona, akampa dawa na kumpangia siku ya kurudi, nayo ndiyo leo. Zamoyoni amegoma. Mama anamwunga mkono, anasema maradhi haya ni ya siku hizi, yameletwa na simu, na kwamba sonona masikioni mwake ni jina la biskuti.

Mimi naogopa. Naogopa kumpoteza dada yangu, na sijui nimwambie nini mama, kwa sababu swali lake ni langu pia. Mbona zamani hatukuwasikia wagonjwa hawa, na sasa kila ukoo una wake?

Namwuliza Jambo swali hilo hilo. Anajikuna sikio, anasema hilo si swali la kujibiwa barazani. Nimshike mkono.

Namshika, na baraza sasa ni gulio. Vichanja vimepangwa vizuri, lakini badala ya nyanya na mitumba wamekaa Majambo, wakubwa kwa wadogo, wametulia kama watu waliofika mapema harusini. Namwuliza mwenyeji wangu wakiwa wengi hivi wanaitwaje.

"Mambo," anasema. "Vijana wanatuulizia kutwa nzima, ila mtu anajibu poa kabla hatujafungua mdomo."

Katikati ya gulio kuna kipaza sauti juu ya gunia la mahindi. Hakuna aliyekishika. Kinaongea chenyewe, na kina mafua.

"Wazimu," kinaita.

Wanasimama wachache, wale ambao watu wao walitembea uchi sokoni. Kipaza sauti kinaeleza kwamba hapo zamani jina lilikuwa hilo tu, na ambaye hakuvua nguo hakuitwa. Kisha kinaita sonona. Sehemu kubwa ya gulio inasimama. Kinaita hofu iliyopitiliza, wanasimama wengine, na kila anayesimama anasema asante, akinyoosha miguu yake iliyokufa ganzi.

"Kwa hiyo ni kweli mmeongezeka," nasema. Nimefadhaika.

"Waliosimama wameongezeka," kinajibu kipaza sauti, kinapenga kamasi. "Waliokaa ndio wamepungua."

Wanatokea wengine upande wa stendi, bado wana vumbi la safari. Hawa wanasema wao ni wapya kweli, wamekuja na upweke wa vyumba vya kupanga na kazi zisizomruhusu mtu kulala. Kipaza sauti hakikatai. Kinawaomba wenyeji wasogee, na wenyeji wanasogea.

Pembeni yangu amesimama mmoja mdogo sana, anatetemeka. Namwuliza yeye ameitwa kwa jina gani.

"Mimi huzuni tu," ananinong'oneza. "Nimefiwa na paka. Nimesimama kwa kuwa wenzangu wamesimama."

Kipaza sauti kinamsikia. Kinamwambia kwa upole aende nyumbani, alie, ale, atulie, na kama kilio kitakataa kuondoka basi aje tena, hatafukuzwa. Anashukuru na kuondoka. Naona hata mwendo wake umechangamka.

Hapo anatokea mama kwenye vichanja, kikapu mkononi, amekuja kununua dagaa. Amesikia yote. Anasimama katikati ya gulio na sauti ile ile anayotumia kutuambia chakula kimepoa.

"Enzi zetu hamkuwepo," anasema.

Hakuna anayebishana naye. Jambo la Zamoyoni anatazama chini. Kipaza sauti kinakohoa kidogo, kisha kinaita jina ambalo sikulitarajia.

"Atazoea."

Gulio zima linasimama. Wanasimama Majambo ya wanaume walioitwa wakali, ya wanawake walioitwa wavivu, ya mabinti walioitwa wamerogwa, ya wajomba waliokunywa mpaka wakaisha. Wengine ni wazee kiasi kwamba wanasimamishwa na wenzao. Wote jina lao ni hilo, maana kila aliposemwa mtu kwamba hali yake si nzuri, alikuwepo mkubwa wa kusema atazoea, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Nyuma ya mama sasa kuna ukuta mweupe, wa chokaa. Nao unaitika.

"Nipo," unasema ukuta.

Kikapu kinamwanguka mama. Naujua ukuta ule, ni wa chumba chake, ulivyokuwa tulipokuwa wadogo. Chokaa inabanduka taratibu, anatoka Jambo mzee, mweupe kutoka utosini mpaka vidoleni, anafumba macho kwa mwanga.

"Ulipomzaa Hemedi," anamwambia mama, "ulilala umegeukia ukutani, hukutaka hata kumshika. Bibi yao akasema utazoea. Nikaingia hapo hapo ulipokuwa unatazama."

Hemedi ni mimi. Sikuwahi kuambiwa habari hiyo. Sikuumia hata kidogo. Nilimhurumia mama mpaka machozi yakanitoka, na dagaa waliomwagika chini wakageukia upande mwingine kwa adabu.

"Mbona nilizoea," mama anasema, sauti ndogo.

"Ulizoea. Na mimi nilizoea giza. Ila si kupona huko, Mama Hemedi."

Mama anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Halafu anafanya kitu ambacho sikukitegemea: anageuka, anainama, kama mwanamke anayeinama apandishiwe mtoto mgongoni. Jambo mzee anaweka kiganja mgongoni kwake, anajivuta juu. Mama anayumba kidogo, anasimama.

Mafua ya kipaza sauti yamekwisha.

"Mama Hemedi," kinauliza, "hujambo?"

Gulio zima linamgeukia. Mama anafungua mdomo ajibu, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Nilitoka mpaka sebuleni nikawakuta wote wawili. Zamoyoni alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi na nguo alizolalia, nywele hazijachanwa, macho sakafuni. Mama alikuwa amevaa kanga zake za kutokea, na mkoba alikuwa ameshauvaa begani. Nilijua anakwenda sokoni na nikaanza kupanga maneno ya kumwambia kabla hajaondoka.

"Shikamoo, mama," Zamoyoni alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba."

Mama akanyamaza pale pale ambapo siku zote huuliza hujambo. Alinyamaza mpaka Zamoyoni akainua uso.

"Mimi nina jambo, mwanangu," mama alisema. "Ninalo tangu nilipomzaa kaka yako, na sijamwambia mtu. Leo nataka nikamwambie yule daktari wako. Peke yangu naogopa. Utanisindikiza?"

Zamoyoni alimtazama sana. Kisha akasema na yeye analo, asubiriwe anawe uso.

Walitoka wameshikana mikono, mama mbele kidogo. Wakati anavuka kizingiti niliuona mgongo wake. Katikati ya mabega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, kulikuwa na alama ya kiganja kidogo, cheupe, vidole vimeachana. Ilikuwa chokaa. Kuta za nyumba yetu ni za rangi ya bluu, chumba cha mama kikiwemo, na chokaa haijaingia humu tangu nikiwa shule ya msingi.

Nilinyoosha mkono nimpanguse, nikaurudisha. Nikafunga mlango, nikawafuata.