Furukombe wa Marehemu Ombui

Ombui mpiga picha alizikwa Jumanne, na bintiye Nyatichi hakulia. Mashangazi walimtazama usoni kama watu wanaongojea mvua, mvua ikakataa. Alipewa uji, akanywa. Alipewa leso, akaikunja vizuri na kuirudisha.

Ijumaa alichukua kamera ya baba yake. Kesho yake kamera hiyo ingekwenda Migori kwa baba mdogo Nyamongo. Ndivyo wazee walivyoamua, na wazee hawajawahi kukosea, waulize wenyewe. Basi alikuwa na siku hiyo tu kumaliza kazi iliyomshinda baba yake miaka mingi: kumpiga picha furukombe angani, samaki makuchani. Ombui aliacha picha za furukombe mtini, picha ya mkia wa furukombe, na picha nyingi nzuri za mawingu.

Mtumbwini, kidirisha cha kamera kinachohesabu picha zilizopigwa kilionyesha thelathini. "Zimebaki sita," alimwambia Mzee Odeny, mvuvi wa Rusinga aliyezoea kumpeleka baba yake ziwani.

"Zinatosha, nyathina, mwanangu. Baba yako alihitaji sitini kupata unyoya."

Odeny alimsokomeza samaki mfu aina ya ngege bua la mafunjo kooni ili aelee, akapiga mluzi, akamtupa. Nyatichi aliinua ile lenzi ndefu, nzito kama mchi wa kinu, akamfuata ndege tangu mtini kama alivyofundishwa: usimngojee kwenye samaki, njoo naye. Mabawa yakajaa kioo. Akabonyeza, akavuta wenzo wa kusogeza filamu, akabonyeza, akavuta.

Furukombe akaenda zake na ngege. Kidirisha kilisema thelathini na sita. Nyatichi akabonyeza, akavuta wenzo tena, ukakubali badala ya kugoma. Akabonyeza, akavuta tena. Thelathini na nane.

"Zimezaana?" Odeny aliuliza.

Nyatichi akazungusha kifundo cha kurudishia filamu. Kilikuwa chepesi. Akafungua mgongo wa kamera. Filamu yote ilikuwa imelala ndani ya kopo lake, ulimi nje. Haikuwa imeshika popote.

Studioni kwake Homa Bay marehemu alibandika amri moja kwa wino mwekundu: FUNDI HUTAZAMA KIFUNDO. Kikizunguka unapovuta wenzo, filamu imeshika. Na filamu hii aliitia mwenyewe, kitandani hospitalini, akawapiga picha waliokuja kumwona: mama, wauguzi, Nyatichi akiigiza uso wa mwalimu mkuu siku ya ukaguzi. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye filamu.

Nyatichi alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Maji yaligonga ubavu wa mtumbwi.

"Hakupiga kitu," alisema.

Odeny alitazama gugu-maji likipita. "Nilimwambia avae miwani."

"Alisema miwani ni ya wazee."

"Aliniambia hivyo nikiwa nimeivaa."

Nyatichi akauchomeka ulimi wa filamu mahali pake, akafunga, akavuta. Kifundo kikazunguka.

"Sasa zipo thelathini na sita."

"Na samaki ni mmoja," Odeny alisema. "Chakula changu cha jioni."

Alimtazama yule ngege kwa heshima, kama anayeagana na jirani. Kisha akakata bua la mafunjo.

"Mzee, nitazamie kifundo. Mimi nitakuwa na ndege."

Mluzi ukalia, ngege akaruka. Furukombe akashuka, na Nyatichi akaja naye, jicho kwenye kioo, akibonyeza na kuvuta.

"Kinazunguka," Odeny alisema nyuma yake. "Kinazunguka."

Ndege akawa doa, doa likaisha. Nyatichi bado alikuwa anabonyeza na kuvuta.

"Kinazunguka, nyathina."