Swali la Mlango

…nitafungua au sitafungua, hilo tu ndilo analotaka, kijana wa watu amesimama na tai yake iliyopinda, wakili wa serikali, Pruitt jina lake, ameuliza kwa adabu kabisa, "Bi Combs, binti yako akija kugonga, amebugia vidonge vyake vya kulevya, na mjukuu wako Rosalee, unayeomba kumlea, yumo ndani, utamfungulia?" kisha akanyamaza, nami najua kwa nini amenyamaza, amefundishwa, aliyemfundisha amekaa nyuma yake pale, Bi Haddix, mkuu wa mawakili wote wa serikali wa kesi za watoto huku kwetu milimani, nywele zimekuwa nyeupe siku hizi, mikono kaikunja kama yuko kanisani, hanitazami mimi, anautazama mgongo wa kijana wake, na jaji anamung'unya peremende, na Marnie, binti yangu mwenyewe, yuko meza ya pili kainamisha kichwa, anachuna ngozi ya kidole gumba, tangu mdogo ndivyo alivyo, acha, mwanangu, utajitoa damu… Opal asubuhi, dada yangu, akinifunga vifungo vya koti kama mtoto wa shule, "Verlene, wakikuuliza la mlango sema hapana, neno moja tu, usianze hadithi zako, safari hii ni Rosalee, unataka naye aende kama kaka yake?" nikasema sawa, na njia nzima ndani ya gari nikawa naifanyia mazoezi kimoyomoyo, hapana, hapana, ilikuwa inatoka vizuri, sasa imenikwama kooni kama mkate wa mahindi wa jana, maana hapana yenyewe niiseme mbele ya Marnie, anaisikia, mama yake anamfungia mlango usoni mbele ya watu wote hawa… na kiti hiki nakijua, mkono wa kulia una mkwaruzo, niliushika hivihivi siku ya Colby, mjukuu wangu wa kwanza, na aliyeniuliza siku ile alikuwa Bi Haddix mwenyewe, nywele nyeusi ti, swali hilihili, nikamjibu kama ninavyomjibu jirani, nikasema, "Huyo ni mwanangu, mama, atagonga vipi nisimfungulie?" akasema, "Sina swali jingine, mheshimiwa," akakaa, basi, yakaisha hapo, bibi hawezi kumlinda mtoto, ndivyo ilivyosemwa, Colby akapelekwa Ohio, jimbo jingine, kwa watu wema, wana mbwa, ana chumba chake peke yake, na watu wema sijawahi kuwaona… upepo ukitikisa mlango wangu wa wavu mpaka leo namsikia chumba cha nyuma, "Nani huyo, Bibi?" kasauti kale ka usingizi, nami naitika, hakuna mtu, lala, naitika kwa sauti nikiwa na sufuria mkononi, Opal akiwepo ananitazama halafu anaangalia pembeni, na hilo la hakuna mtu ndilo nililokuwa namwambia enzi zile, mama yake yuko barazani anatetemeka mimi namwambia mtoto ni upepo… "Bi Combs?" nani, jaji, ngoja kidogo, baba… kumbe swali langu wamelipa jina, nililisikia kwa masikio yangu, paa la mahakama lilikuwa linatengenezwa, mawakili wapya wakaletwa kufundishwa chumba cha chini cha kanisa letu, sisi akina mama tukapika, mimi nimesimama nyuma ya dirisha la jikoni napakua maharage, nasikia Bi Haddix anasema, "Haya, tufanye swali la mlango, bibi awe nani?" na bibi akawa huyuhuyu Pruitt, kajitanda kitambaa cha kufutia vyombo mabegani, kaikunja midomo kama asiye na meno, "Huyo ni mwanangu, mama," kwa sauti nyembamba, wenzake wakacheka, mmoja akasema, "Pruitt, umezaliwa bibi wewe," hata mimi nilitaka kucheka mpaka nikajua ni mimi… mwenzake aliyekuwa anauliza akakaa, Bi Haddix hakucheka, akamuuliza, "Mbona umekaa?" "Si nimeshinda, mkuu?" "Mimi nami nilikaa kwa sababu hiyohiyo, nikashinda, na mpaka leo sijui yule bibi angefanya nini akishafungua, nilikwenda pale kumtetea mtoto, na hilo sikulijua wala sikuuliza, nisikie mtu wangu ameuliza swali la mlango akakaa, atanitambua," mwiko wangu ukagonga sufuria… halafu akaja na sahani yake, nikampakulia, akasema, "Asante, mama, kitunguu usiniwekee," akapita, mimi na wavu wangu wa nywele hakunijua, na jibu lake lilikuwa papo hapo mdomoni mwangu, nikaliacha likapita na sahani… kwani akishafungua anafanya nini huyo bibi, hebu tuseme, anamkalisha barazani, ndani hamwingizi, anamtupia blanketi la viraka, anampa kahawa, kisha anakaa yeye mwenyewe kizingitini, na mapaja yake haya mapana hakuna wa kupita kumfikia mtoto, anampigia Opal ng'ambo ya kijito aje, anaimba nyimbo za kanisani mpaka huyu wa nje atulie, ndivyo nilivyofanya, kila mara, Colby hajawahi kuamka akakuta vurugu… na ile mara niliyofungua nikamkuta Marnie kalala ngazini midomo ya bluu, nikampulizia pumzi zangu mpaka gari la wagonjwa likapanda kilima, daktari akasema, "Bibi, ungechelewa kidogo tu," sasa nisingefungua, nyie mawakili, Rosalee angetoka wapi, mngekuwa mnamgombea mtoto gani humu ndani… "Bi Combs, umelisikia swali?" nimelisikia, mheshimiwa, linalala kwangu… kijana bado amesimama, mikono kwenye karatasi, magoti yanakitafuta kiti, tai imezidi kupinda, Bi Haddix nyuma yake kaitoa ile mikono kifuani, kakaa ukingoni mwa kiti, usikae, Pruitt, uliza la pili, unalijua, ulifundishwa nikiwa nakupakulia maharage… na ukikaa, kaa, mimi sishuki hapa, nitaliuliza mwenyewe nijijibu mwenyewe, Opal atanisamehe, ile hapana imeshuka tumboni imekwenda zake, Marnie kainua uso ananiangalia, kidole kinatoka damu, nilimwambia mimi… mlango wa wavu unagonga, huko nyumbani, unagonga, "Nani huyo, Bibi?"… ni mama yako, Colby, si upepo, ni mama yako, wewe kaa hapohapo kitandani, bibi anakwenda kumfungulia.