Glavu Kumi na Mbili

Mama Kidoti ndiye aliyeshona glavu zote kumi na mbili za darasa la watoto viziwi, na hakuacha mtu asahau hilo. Kila kidole alikipitishia waya mwembamba kwa sindano ya mkono, maana cherehani ingeukata. Mtoto akiunda ishara sawasawa, kitaa cha kwenye kifundo cha mkono huwaka kijani; akikosea, glavu humtetemekea mkononi.

Kila Jumamosi wazazi walikuwa na somo lao la lugha ya alama. Yeye hakwenda hata siku moja.

"Dada, wenzako wanakuulizia," mwalimu alimwambia.

"Nikija mimi, glavu atashona nani? Hizo ndizo zitakazomfundisha mwanangu. Mimi na yeye tunaelewana hivihivi."

Hivihivi yenyewe ilikuwa kunyoosheana vidole: sahani ile, kitanda kile. Mtoto alikuwa na miaka sita. Mganga hajigangi, wahenga walishasema, lakini nani angemwambia fundi mwenye kazi nyingi?

Siku ya wazazi, kila mtoto alipita mbele kusema neno moja alipendalo. Wa kwanza akasema maji, wa pili mpira. Kidoti akasimama, akamkazia macho mama yake, akagusa shavu na kufungua kiganja. Kitaa kikawaka kijani. Wazazi wakainua mikono na kuitikisa hewani, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Mama Kidoti alipiga makofi, peke yake, moyo umemjaa kwa kuwa waya haukukatika.

Mtoto hakuondoka. Akarudia ishara ileile, polepole zaidi. Kijani tena. Mama akapiga makofi tena.

Mara ya tatu, fundi gereji aliyeketi kando yake, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja, akamwinamia.

"Mama Kidoti, anakuita wewe. Anasema mama."

Makofi yakaishia njiani. Aliona aibu, na chini ya aibu uchungu mkubwa. Akaenda mbele, akapiga magoti. Kidoti hakumtazama usoni, alimtazama mikono, akingoja. Mikono hiyo ilijua njia ya kila waya ndani ya glavu ile, na sasa ilikaa tu mapajani. Mama alitaka kumwomba mwanawe msamaha, na hakujua msamaha unaombwa kwa vidole vipi.