Kamba ya Mwezi wa Nne

Mama Eufrazia, mkunga, alikuwa amepokea watoto wa kijiji cha Inyonga kwa miaka ishirini, na leo, mwaka huo wa hamsini na nne, kijana mmoja mwenye daftari alitaka kumnyang'anya vitanda vya wazazi.

"Mwaka jana walizaliwa watoto ishirini na wanne," Apolinari, dresa mpya aliyeletwa kutibu wagonjwa zahanatini, aliliambia baraza. "Gawa kwa kumi na mbili. Kila mwezi wawili. Vitanda sita vya nini? Tubakize viwili, pengine pawe ghala la nta."

Hee! Wawili kila mwezi, utadhani mimba ni posho! Eufrazia alisimama, akatoa kikapuni kamba sita za gome, zile zile za kufungia mizinga ya nyuki. Kila kamba mwaka mmoja, kila mtoto fundo moja, na kila mwezi ulipoandama alichomeka unyoya wa kanga. Alizinyoosha mbele ya mkuu wa kijiji, mzee Gaudensi. Miezi mingine ilikuwa na fundo moja, mingine haina kitu. Mwezi wa nne mafundo yalibanana.

"Mwanangu, wewe mgeni," alisema. "Wanaume wetu wanaingia porini kurina asali, na mrina asali hamgusi mke, nyuki watamtoa macho. Mwezi wa saba wanarudi. Pombe ya asali inanyweka, milango inafungwa mapema. Sasa hesabu miezi tisa."

Wanaume walicheka huku wameinamisha vichwa.

"Haya, mwezi wa nne unaokuja watajifungua wangapi?" Apolinari aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Wataje basi."

Eufrazia alianza kuzikunja kamba zake. Siri ya tumbo la mtu haitangazwi barazani, hata kama angepoteza vitanda na wanawake wakarudi kujifungulia sakafuni, masika yakivuja. Roho ilimuuma, lakini hakumtaja hata mmoja.

Ndipo Theopista, mke wa Apolinari mwenyewe, aliposimama.

"Wa kwanza mimi," alisema. "Hata wewe, mume wangu, pombe ile uliinywa."

Apolinari alifunga daftari. Akasimama Kasilda, akasimama Regina, wakaendelea kusimama. Mzee Gaudensi alihesabu mpaka vidole vikamwishia, akaazima kimoja cha jirani.

"Vitanda vibaki," alisema, na vigelegele vikapigwa.

Mwezi wa nne walikuja wote kumi na mmoja, na wiki moja wakavijaza vitanda vyote sita. Theopista alikipata cha mwisho, akajifungua binti salama. Eufrazia alijaa fahari, wala hakuificha. Alimpa Apolinari kamba.

"Fundo la binti yako. Funga mwenyewe."

Apolinari alifunga fundo legevu.

"Kaza, mwanangu. Watu hawagawanywi kwa kumi na mbili."

"Nimekaza, mama," alisema. "Unyoya wa mwezi wa tano tunauchomeka lini?"